Karani wa Ukoo wa Uyoga

Jumatatu, 3 Novemba

Mvua ya kwanza. Paa la ofisi linavuja juu ya meza yangu tu. Upande wa kabati pakavu kabisa. Nimesogeza meza. Sasa linavuja juu ya kiti.

Nijitambulishe, ingawa shajara hii hakuna atakayeisoma, na ndiyo sababu naipenda. Mimi ni David Mwelwa, karani wa ushirika wa wakulima hapa Kapepula, upande wa Lukafu. Nimezaliwa na kusoma Lubumbashi. Kapepula ni nyumba chache, mashine moja ya unga, duka moja la mzee Asani, na vichuguu vingi kuliko watu. Kazi yangu ni kupima mbegu na mbolea, kumwogopa mwenyekiti wa ushirika, Mama Albertine, na kumpenda binti yake Dorine. Hiyo ya mwisho hakuna anayeijua. Hata Dorine hajui.

Tatizo ni Mukuka.

Mukuka ndiye wa mashine ya unga, ng'ambo ya njia, akitazamana na dirisha langu. Wanawake wote wa kijiji lazima wapite kwake. Nyusi nyeupe kwa unga kama za babu, meno nje mchana kutwa. Hawezi kuandika barua ya aya mbili bila kutoa ulimi. Mimi naweza. Nani amewahi kuniomba barua?

Leo Dorine alileta mahindi kusaga. Nikasimama dirishani na faili mkononi ili nionekane nina kazi. (Faili lilikuwa juu chini. Niligundua baadaye.) Nikasikia kwa masikio yangu mwenyewe Dorine akimwambia Mukuka kwamba ana sura ya kitu kilichoota kwenye kinyesi cha tembo, na kwamba bila yeye Dorine na jamaa zake angekuwa bado yuko chini ya ardhi na wadudu wenzake. Kisha akamvua kofia, akaondoka nayo!

Anamchukia! Furaha gani hii! Usiku nimekula bukari, ugali wa huku, hadi kijiko kikakwaruza sufuria.

Jumanne, 4 Novemba

Furaha haikufika hata saa ya chai.

Nilikwenda dukani kwa mzee Asani. Mkewe, Mama Alima, ndiye anayeuza chai na maandazi. Nikamwambia, kwa sauti ya mtu mwenye huruma, kwamba inasikitisha kuona Mukuka na nyumba ya Mama Albertine hawaelewani. Mama Alima alicheka mpaka akaweka birika chini.

Akanieleza. Dorine na mama yake ni wa ukoo wa Mvua. Mukuka ni wa ukoo wa Uyoga. Mvua na Uyoga ni watani tangu enzi za mababu: uyoga hauoti bila mvua, basi Mvua wanajisifu, na Uyoga wanajibu kwamba bila wao mvua ni matope tu. Mtani anakutukana. Mtani anachukua kitu chako na kwenda zake. Kununa hakuruhusiwi. Na kadiri anavyokupenda ndivyo anavyokutukana. Yeye na mzee Asani asili yao ni Maniema, hawamo kwenye mambo hayo. Wao wanauza chai na kutazama.

Kisha akaniuliza: na weye, karani, uko wa ukoo gani? Huku ukoo unatoka kwa mama.

Nikasema nimekumbuka kazi ofisini.

Ukweli ni kwamba sijui. Mama aliwahi kunieleza nilipokuwa mdogo, nami nilikuwa nakariri mito ya Ulaya kwa ajili ya mtihani. Ningeweza kumpigia simu. Yuko Lubumbashi, anapika katika nyumba ya watu mtaa wa Golf. Lakini mtu mzima kumwuliza mama yake, "Mimi ni wa ukoo gani?" Ataniuliza masikio yangu yalikuwa wapi. Mama akiuliza swali, mgongo wangu hutoka jasho hata kwenye simu.

Naandika hili kwa uchungu. Tangu nifike hapa Dorine hunisalimia akiwa ameinamisha macho. "Jambo, bwana karani." Kila siku hivyo. Nilidhani ni mapenzi. Kumbe ni heshima! Mukuka ameitwa kinyesi cha tembo mbele ya watu, na mimi hata "mjinga" sijaambiwa.

Alhamisi, 6 Novemba

Nimeamua. Mimi ni Uyoga.

Nilifanya mazoezi mbele ya kioo. Dorine alipokuja kuchukua mbegu za vitunguu, nikakohoa, nikasema kwamba wao watu wa Mvua wamechelewa mno mwaka huu, mpaka sisi Uyoga tumekauka shingo.

Alisimama. Akauliza nani ni Uyoga. Nikasema mimi, kwa upande wa mama, damu kabisa. Alinitazama muda mrefu kuanzia viatu kwenda juu. Kisha akapiga kelele akawaita mama zake wadogo waliokuwa nje kwenye foleni. Akawaambia kwamba amekuwa akijiuliza siku zote: shingo nyembamba, kichwa kikubwa, kuogopa jua, kujificha ndani ya nyumba yenye unyevu. Kumbe! Jibu lilikuwa mbele ya macho!

Kisha akachukua mwavuli wangu mlangoni. Ule mweusi, zawadi ya Mama. "Uyoga iko na kofia yake," akasema, "mwavuli ya nini?"

Mama wadogo walishikana mabega kwa kicheko. Nimerudi nyumbani nimelowa mpaka soksi. Siku nzuri kuliko zote tangu nianze kazi.

Ijumaa, 7 Novemba

Habari husambaa haraka mahali ambapo hakuna habari nyingine.

Asubuhi mama mkubwa wa Dorine alipita akachukua kuku wangu. Jike, anayetaga. Akasema uyoga haufugi. Nikacheka. Baadaye mzee mmoja wa Mvua akaingia ofisini, akasalimu vizuri, akabeba kiti changu. Nikacheka. Nimefanya kazi nikiwa nimesimama. Mwingine alichukua kiatu kimoja tu, cha kushoto. Cha nini? Mguu wake ni mkubwa mara mbili ya wangu. Nikacheka hata hivyo, nikiwa nimesimama kwa mguu mmoja.

Mchana Mama Albertine mwenyewe akaingia. Nikajificha nusu nyuma ya kabati, kwa mazoea. Akaketi juu ya meza, akavuta bakuli langu la sombe, majani ya muhogo, akala yote taratibu huku akinitazama machoni, akanirudishia bakuli. Akasema uyoga unaishi kwa hewa. Akacheka! Mwenyekiti alicheka nami! Niliogopa na kufurahi kwa wakati mmoja. Kisha nikalamba bakuli.

Jioni ikanyesha tena. Nikatazama dirishani. Dorine na Mukuka wanavuka njia, bega kwa bega, chini ya mwavuli.

Mwavuli wangu!

Jumapili, 9 Novemba

Kuna jambo sikulifikiria. Ukiwa Uyoga, Mvua ni watani wako. Lakini Uyoga wenzako ni nani?

Mukuka aligonga mlango nikiwa bado na mswaki mdomoni. "Mudogo yangu!" akapiga kelele. "Uko Uyoga na ulinyamaza hivi hivi?" Akanikumbatia. Unga umeingia kwenye koti langu la kanisani na hautoki.

Akasema nyumba yake inavuja na yangu haivuji, na ndugu hawezi kulowa ndugu yake ana paa. Akaleta godoro. Kisha akakiona kitanda changu, akaniachia godoro. Yeye ni mkubwa, anachukua kitanda. Amekula samaki wa Kasenga niliokuwa nimewatunza kwa siku ambayo Dorine angekuja kunitembelea. Alisema chumvi imezidi kidogo.

Nimejifunza tofauti. Mtani anachukua kitu chako na kucheka. Ndugu anachukua kitu chako na kulala.

Anakoroma kama mashine yake.

Jumatatu, 10 Novemba

Nimepiga simu kwa Mama anitumie mwavuli mwingine kwa kamyo ya makala, lile lori la makaa. Akauliza ule wa kwanza uko wapi. Nilikuwa na furaha kidogo, Dorine alikuwa ameniita "kuvu" asubuhi, basi nikamwambia yote kwa majivuno: kwamba umechukuliwa na watani, kwamba sasa mimi ni mtu wa hapa, kwamba kila mtu ananitambua kama Uyoga.

Mama akauliza nirudie neno la mwisho. Nikarudia.

Simu ikakatika. Mtandao wa huku ni mbaya sana.

Jumanne, 11 Novemba

Mukuka anataka kumwoa Dorine.

Alinieleza jana tukila (yeye akila). Mambo haya hayasemwi na mwenyewe. Lazima apelekwe mshenga, mtu wa ukoo wake, mwenye kinywa kizuri. Ndugu zake wengine wote wako Kasenga kwenye samaki. Lakini Mungu amemletea ndugu hapa hapa, tena msomi!

Mshenga ni mimi.

Nilitaka kukataa. Nikafungua mdomo. Nikasema ni heshima kubwa. Sijui ni nani aliyesema.

Baadaye, nikiwa nimelala kwenye godoro nikisikiliza mashine, wazo likaja. Zuri mno, hata nikaketi! Mshenga hupeleka sahani iliyofunikwa kitambaa cheupe, na ndani yake shanga. Nyumba ya binti wakiibakiza sahani, wamekubali kuzungumza. Wakiirudisha, kwisha, hata akipeleka ng'ombe. Na wanairudisha lini? Mshenga akikosa adabu.

Ndugu yangu Mukuka, umechagua mtu sahihi.

Alhamisi, 13 Novemba

Niandike kwa utaratibu.

Mama Alima alinifundisha adabu zote za mshenga. Nilimsikiliza kwa makini ili nijue za kuvunja. Mshenga huchutama mlangoni na kusubiri. Haketi mpaka aambiwe. Huzungumza kwa sauti ya chini. Hataji jina la binti, huzunguka zunguka kama mtu aliyepoteza mbuzi. Hatazami chakula.

Nilifika kwa Mama Albertine jioni. Walikuwepo yeye, dada zake wote, na wajomba wawili wenye ndevu. Dorine alikuwa jikoni, kanga mdomoni. Sikuchutama. Niliingia moja kwa moja, nikaketi kwenye kiti cha Mama Albertine mwenyewe, kile cha mto mwekundu, nikanyoosha miguu.

Nikaisukuma sahani sakafuni kwa kidole cha mguu. Nikasema kwa sauti kubwa kwamba nimetumwa kumchukua Dorine, wasinicheleweshe. Nikamwambia Mama Albertine kwamba kichwa chake ni kama wingu la Septemba: kikubwa, cheusi, kina kelele, na ndani hakuna hata tone. Nikawaambia wajomba kwamba nimeona mvua za mawe na mvua za upepo, lakini mvua zenye ndevu za beberu ndiyo mara ya kwanza. Nikasema nyumba nzima ina harufu ya mtaro. Nikanyoosha mkono nikachukua paja la kuku chunguni. (Nilimtambua. Alikuwa kuku wangu. Hilo lilinipa ujasiri.)

Nikafumba macho nikisubiri kupigwa.

Nikasikia kitu kinaanguka. Nikafumbua jicho moja. Alikuwa mjomba mkubwa. Ameanguka kutoka kwenye kigoda, yuko chini, anapiga sakafu kwa kiganja, machozi yanamtoka. Mama mdogo mmoja ametoka nje maana hawezi kupumua. Mama Albertine ameshika mbavu, anarudia, "Wingu ya Septemba! Wingu ya Septemba!" Wakawaita majirani. Nikaombwa nirudie kwa ajili ya waliochelewa.

Mjomba alisema washenga wa siku hizi wanakuja kama wagonjwa, wananong'ona, hakuna utani tena, na kwamba tangu mazishi ya babu yake hajasikia Uyoga akiwatukana Mvua kwa heshima kama hii. Sahani wameibakiza. Wamenifungia na mguu mwingine wa kuku niende nao.

Dorine alinisindikiza mpaka njiani. Macho yake yaling'aa. Nikasema moyoni: sasa. Akanishika mkono kwa mikono miwili. Akasema hatasahau nilivyompigania Mukuka.

Jibu rasmi ni Jumamosi.

Jumamosi, 15 Novemba

Ee Mungu wangu.

Mkeka ulitandikwa mbele ya nyumba ya Mama Albertine. Upande mmoja Mvua, wamejaa. Upande wa pili Uyoga: Mukuka amenawa unga na hatambulikani, na mimi mbele yake, maana mshenga hukaa mbele. Mjomba alikuwa ndiyo kwanza anaanza hotuba. Kamyo ya makala kutoka Lubumbashi ikasimama njiani, na akashuka mwanamke mwenye mwavuli mpya.

Mama.

Hakusalimia. Mama yangu, ambaye husalimia hata mbwa! Alikuja moja kwa moja mpaka kwenye mkeka, akanielekezea mwavuli, akawauliza watu wote ni nani amesema huyu ni Uyoga. Vidole vyote vilinielekea mimi.

"Huyu mutoto ilitoka mu tumbo yangu!" akasema. "Haikuota ku kichuguu!"

Akaeleza mbele ya kijiji kizima. Yeye, Musonda, ni Mvua. Mama yake, Mvua. Bibi yake, Mvua. Alinieleza nikiwa mdogo, nami nilikuwa nasema, "Danube, Danube." Na sasa amepanda kamyo usiku kucha juu ya magunia matupu kwa sababu mtoto wake mwenyewe amelikana tumbo lake kwenye simu.

Jasho mgongoni. Mto kamili wa Ulaya.

Kisha Mama Albertine akasimama, akauliza bibi wa Mama alitokea wapi. Mama akataja. Mama Albertine akataja wa kwake. Wakataja wengine, haraka haraka, kama watu wanaoshona nguo moja. Ghafla wakapiga vigelegele na kuangukiana. Ndugu! Damu moja!

Nilikuwa bado nimekaa upande wa Uyoga. Wajomba wakaninyanyua kwa makwapa, wakanihamishia upande wa pili wa mkeka. Dorine akaja, akapiga goti mbele yangu na kikombe cha maji.

"Yaya David," akasema.

Kaka. Mimi ni kaka yake. Mtu wa Mvua haoi Mvua. Hata kulifikiria ni aibu. Nilikunywa maji yote maana sikujua nifanye nini kingine na uso wangu.

Nilidhani hapo ndipo mwisho wa ubaya. Lakini nikaona Mama Albertine anaacha kucheka. Kidogo kidogo, kama moto unaoishiwa kuni. Amekumbuka Alhamisi. Uyoga akimwita Mvua wingu la Septemba, ni utani. Mtoto wa Mvua akimwita mama yake hivyo, akaketi kwenye kiti chake, akasukuma sahani kwa mguu, hiyo inaitwaje?

Mjomba mwenye ndevu alianza kuzishika ndevu zake.

Jumapili, 16 Novemba

Baraza la ukoo wangu mpya. Wote walioanguka kwa kicheko siku ile leo walikuwa na nyuso za mawe. Niliombwa nirudie maneno yale yale, ili yajulikane. Niliyarudia. Hakuna aliyecheka! Mama yangu alijifunika kichwa kwa kitenge.

Hukumu: nitalima matuta ya viazi vitamu ya Mama Albertine, kila asubuhi kabla ya ofisi, mpaka shamba liishe. Nimeuliza kwa upole kama nitarudishiwa kuku, kiti na kiatu, kwa kuwa vilichukuliwa kwa utani na utani haukuwepo. Mjomba akasema kati ya ndugu hakuna changu na chako.

Mukuka amehamisha godoro lake. Sahani yake haikurudishwa, na si vizuri kulala nyumbani kwa kaka wa mchumba. Amekuja kuniaga, ananiita "shemeji" na kuinama kwa heshima. Nimepata kitanda. Kina umbo lake.

Alhamisi, 20 Novemba

Mama amerudi Lubumbashi. Ameniachia mwavuli na jina la ukoo, ameniandikia kwenye karatasi nibandike ukutani.

Silimi peke yangu. Mukuka naye analima shamba hilo hilo, maana mkwe mtarajiwa lazima aonyeshe mikono yake kabla ya kukubaliwa. Tuko tuta kwa tuta. Yeye analima akiimba. Mimi nalima nikiogopa nyoka. Saa ya chakula Dorine anamletea kuku, na analetewa kwa vifijo, kila tuta lake linasifiwa. Mimi naletewa matembele na swali: kwa nini tuta lako limepinda?

Jembe moja, udongo mmoja, mama mmoja mwenye shamba. Yeye analima kwa sababu ya mapenzi, mimi kwa sababu ya adhabu, na ukitutazama kwa mbali huwezi kujua nani ni nani. Mpaka chakula kije.

Mikono yangu ina malengelenge. Siwezi kugonga mihuri.

Jumamosi, 22 Novemba

Posa imefika rasmi. Ndugu za Mukuka wamekuja kutoka Kasenga na samaki wa kutosha kuufunika mkeka. Kaka wa binti ndiye huzipokea zawadi. Kaka ni mimi. Nilipokea kila samaki kwa mikono miwili na kusema asante. Sauti haikukatika ila mara chache.

Lakini! Kati yao yuko dada yake Mukuka. Anaitwa Bénie. Anauza samaki, ana kicheko cha kuvuka mto. Na fikiria: yeye ni Uyoga kamili, mimi ni Mvua kamili, safari hii kweli! Hakupoteza muda. Alinitazama, akauliza kama hii ndiyo Mvua au ni umande tu.

Umande! Ameniita umande! Nalisikia neno hilo mpaka sasa. Dorine nani?

Ningelala na furaha kama si Chomba. Chomba ndiye mpiga ngoma wa Kapepula. Mwenye meno machache na shati moja. Wakati wa kugawa nyama, Bénie alimpa Chomba vipande viwili. Kisha pombe, vikombe viwili. Kisha akacheza naye, nyimbo mbili! Mimi nilipewa kimoja kimoja kama watu wote.

Nikamwuliza Mama Alima. Akasema Chomba ni pacha. Pacha mwenzake yuko mbali, lakini huku pacha hapewi kitu kimoja, mwenzake asije akasikitika huko aliko. Kila kitu viwili viwili. Na watu hufurahi kuwa karibu na pacha, wanasema ni baraka.

Yaani Chomba alizaliwa tu! Hakufanya kitu kingine chochote!

Jumapili, 23 Novemba

Jambo lile la ukoo lilinishinda kwa sababu lingeweza kuthibitishwa. Kosa lilikuwa hilo tu. Hili halina shida.

Nimemwambia Bénie kwamba mimi ni pacha.

Alifurahi mno. Papo hapo nikapewa samaki wawili. Akauliza mbona mama yangu hakusema. Nikajibu kwamba Mama hapendi kumtaja mbele yangu, asionekane anampendelea. Anaitwa nani? Nikasema Kunda. Anafanya nini? Nikasema ni fundi wa magari huko Likasi, maana nilitaka kazi isiyo ya ofisi. Tunafanana? Sana, nikasema. Ila yeye ni mrefu zaidi kidogo. Kwa nini nilisema hivyo? Ulitoka tu, huo urefu.

Tangu hapo Bénie haulizi habari zangu. Anauliza za Kunda. Kunda anacheza ngoma? Kunda anaogopa nyoka kama mimi? (Nikasema hapana. Nilikuwa nimechoka.) Kunda ana mke? Ameahirisha kurudi Kasenga. Ametuma salamu Likasi kupitia dereva wa kamyo, Kunda aje Jumapili ijayo ale naye. Dorine anatamani kumwona yaya wake mwingine. Mama Albertine amesema labda huyo ndiye mwenye adabu.

Nimewaza mchana kutwa. Sijawahi kumpenda huyo mtu. Mrefu, fundi, hana woga, kila mtu anamsubiri, na hajafanya kitu chochote kustahili!

Ngoja. Leo hii naanza kutafuta njia ya kumharibia jina.